Lori Lililokataa Kukauka

Siku ya arobaini ya Bi Zuhura, pale Mandewa, alisimama bwana mmoja mwenye koti la kijivu, akashika kipaza sauti, akatusomea sifa za marehemu. Alisoma vizuri, sina ugomvi na usomaji wake. Alisema marehemu alipenda watu, kweli. Alisema mkono wake haukujua uchoyo, kweli tupu. Halafu akasema kwamba siku ambayo marehemu alifurahi kuliko zote maishani mwake ni ile Saba Saba aliyopewa zawadi ya kwanza uwanjani, mbele ya mgeni rasmi, kwa lori la mfano alilolipeleka kwenye maonyesho. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mimi bibi kizee wa miaka sabini, mbele ya masheikh na sinia za pilau, mpaka jirani yangu akanifinya paja akidhani akili zimeniruka. Siku ya furaha! Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake siku hiyo, nimeshika pindo la kanga yake, na ninajua uso wake ulivyokuwa. Sikusema neno, maana msiba una adabu zake hata ukishatimiza siku arobaini. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yangu mimi haijui kulala. Ndiyo hii inayoandika.

Ya ukoo wangu nayaacha. Anayetaka kujua mimi ni wa nani aende Mungaa akaulize, atajibiwa mpaka achoke. Hapa inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, darasa la saba nimelimaliza, jembe silipendi, mdomo mrefu, na Bi Zuhura alinichukua nimsaidie kazi kando ya barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida, mbele kidogo ya njiapanda ya Mkiwa. Pale palikuwa na nyumba chache zilizotawanyika, na hoteli yake. Tuliiita hoteli kama watu wote walivyoita, ingawa kilikuwa chumba kimoja tu cha mbele kilichoezekwa mabati, mabati halisi, aliyoyanunua moja moja mwaka hadi mwaka, na nyuma yake tembe la udongo tulimolala. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa nailoni yenye picha za matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaonja, mabenchi mawili, na ndoo ya kunawia mlangoni. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi. Mchana ugali wa uwele kwa mlenda, au kuku, kama dereva alimwagiza wakati wa kwenda ili amkute wakati wa kurudi. Madereva wote walimwita mama, hata wenye mvi kumzidi. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na barabara. Gari likinguruma mbali, sisi bado hatujasikia kitu, yeye ameshainua kichwa: "Huyo ni Hango, na amebeba vitunguu." Na kweli, baada ya muda Hango anashuka, ananuka vitunguu, anainama kidogo mlangoni: "Shikamoo, mama." "Marahaba, Hango. Nawa, ukae."

Basi mwaka huo vikaja vigingi vya serikali. Vilipigwa huko ndani, nyuma ya vichaka, mahali ambapo ukitoka barabarani unafika umechoka na maji ya kunywa yamekwisha. Hapo ndipo kijiji kipya kingejengwa, na sisi wa kandokando ya barabara tulitakiwa kuhamia huko baada ya mavuno. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole aliyekuwa akizungumza huku anatazama miguu yake, alikuja kutueleza. Sitaki kusema uongo wa upande mmoja. Wako watu waliohamia vijijini wakapata shule na kisima, na watoto wao leo ni waganga na walimu. Lakini Bi Zuhura alimsikiliza balozi mpaka mwisho, akamkaribisha chai, halafu akamuuliza, "Na mimi huko nitampikia nani, balozi? Digidigi?" Mzee wa watu alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akarudi kutazama miguu yake.

Kilichotutia hofu si balozi, ni maneno ya madereva. Jikoni na chumba cha kulia vilitengwa na ukuta wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka, kwa hiyo kila kilichosemwa mezani kilifika kwenye sufuria zangu. Siku moja nilimsikia Hango akimwambia tingo wake, sauti chini, "Kule nilikopita juzi, waliokawia walikuta paa limeshashushwa wao wako shambani." Tingo akauliza, "Na vyombo je?" "Vilikuwa nje, juani. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya kinu chake, hataki kunyanyuka." Nilijikausha, sufuria ya masizi mkononi. Bi Zuhura alikuwa anamimina chai, na nilisikia mmimino ule unakatika katikati, halafu unaendelea. Usiku na mchana baada ya hapo alikuwa akiyatazama yale mabati yake. Anapika, anatazama juu. Anasali, akimaliza anatazama juu.

Ni balozi huyo huyo aliyeleta tumaini, maskini, bila kujua. Alikuja kutangaza kwamba kila eneo lipeleke Saba Saba, uwanjani Singida, kitu cha kuonyesha kazi ya watu wake, na kwamba mgeni rasmi ndiye mtu ambaye akisema kigingi kihame, kinahama. Wengine watapeleka uwele, alisema, wengine asali, wengine mbuzi. Bi Zuhura akaweka kisu chini. "Sisi tutapeleka lori," akasema. Balozi akamtazama. "Lori la mfano, la mbao, kubwa, zuri kuliko mbuzi wao. Aone kwa macho yake kwamba barabara ndiyo shamba letu. Akishaona, nitamwomba atuache hapa hapa. Mtu hang'olewi kwenye shamba lake." Ndivyo ilivyoanza. Paa lile, meza ile, na maisha yale yote vikawekwa juu ya kichwa cha gari ambalo lilikuwa bado ni vipande vya masanduku ya chai.

Fundi tulikuwa naye. Damasi alikuwa Mgogo wa Manyoni, mtani wetu, mwembamba, mkali wa ulimi. Alikuwa amefanya kazi gereji Dodoma, akipaka rangi mabodi ya mabasi, mpaka mwaka mmoja kabla, alipokuwa safarini, homa ikamlaza ndani ya lori na dereva akamshusha kwetu afie mbele za watu. Hakufa. Bi Zuhura alimnywesha uji mpaka akaanza kumlaumu kwamba uji hauna sukari, ndipo tukajua amepona. Akabaki, akatengeneza viti, akaandika mabango ya watu. Alilijenga lile lori kwa mikono yake, kimo linafika kifuani pangu, urefu kama kitanda cha kamba. Mbao za masanduku ya chai, mabawa ya kufunika magurudumu, ya madebe yaliyofunuliwa, magurudumu ya magogo yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, taa za vitako vya chupa. Lilikaa chumba cha mbele kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Tulisukuma mabenchi ukutani, wateja wakala sahani zikiwa magotini. Hawakulalamika, walilizunguka wakatoa makosa. "Kioo cha pembeni kiko juu mno, fundi." "Hili halina pampu ya breki." Damasi aliwajibu, "Likikugonga ndipo utajua halina."

Ugomvi ulianza kwenye rangi. "Gari halipakwi brashi," alisema Damasi. "Brashi ni ya mlango wa choo. Gari linapulizwa kwa bomba la upepo, rangi inatua yenyewe, hakuna mchirizi, hakuna alama. Bila bomba mnaniaibisha." Bi Zuhura akamwambia, "Basi lipulize kwa mdomo, upepo wa kusema si unao?" Lakini kesho yake alikwenda akarudi na bomba la kupulizia dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono, aliloazima. Tulilijaribu juu ya ubao. Likakohoa, likatema madonge, likaziba. Damasi alilitazama, akalirudisha kwa adabu zote, mikono miwili, akasema, "Mama, mrudishie mwenyewe kabla mbu hawajatucheka." Basi ikabaki brashi, na brashi za dukani zilikuwa zinanyonyoka nywele kila unapovuta. Damasi akaenda machinjioni Mkiwa, akarudi na masikio ya ng'ombe. Nywele za ndani ya sikio, alinionyesha, ni laini na zinashika rangi bila kuidondosha. Tulizichambua, tukazifunga kwa uzi kwenye vijiti, brashi pana na brashi nyembamba. Mimi niliona kinyaa siku ya kwanza. Leo ukinipa brashi ya aina hiyo na brashi ya dukani nichague, sikuulizi mara mbili.

Rangi yenyewe Hango aliitafuta Dodoma, na mwaka ule rangi ilikuwa haba: makopo mawili ya nyekundu, nyeupe kidogo, nyeusi kidogo. "Zimekwisha," alisema akizishusha. "Mkiharibu hizi, pakeni majivu." Kwa hiyo kila tone lilikuwa na hofu yake. Damasi aliilainisha rangi kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi, akaichuja kwa kitambaa, akanifundisha. "Beba kidogo, Beti. Usifagie. Ilaze. Ukifika mwisho, rudi juu yake na ncha tupu, mkono mwepesi, upande mmoja tu, halafu ondoka usitazame nyuma." Nilitazama nyuma. Nikaona mchirizi, nikaurudia, nikauharibu zaidi. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, ulipokauka alichukua msasa akaukwangua wote, kazi yangu ya asubuhi mbili, mpaka vumbi jekundu likajaa sakafuni. Nililia kwa hasira. "Lia pale nje," akasema, "machozi yanaacha alama." Mkono wa pili akaukwangua tena. Mkono wa tatu uliingia ndani ya ubao, ukatulia, na nilipoinama niliuona uso wangu umo mle, mwekundu, mdomo wazi. Hapo ndipo kazi yangu ya maisha ilipoanza, ingawa sikujua. Nimepaka mabasi, nimeandika vibao vya maduka na zahanati nusu ya mji huu, na kila ninapolaza rangi nasikia ile kauli: ondoka usitazame nyuma.

Adui yetu alikuwa upepo. Anayeijua Singida anaujua upepo wa miezi ile ya baridi, unavyoamka watu wakishakunywa chai na kubeba nusu ya nchi. Tulipaka asubuhi mapema kabla haujaamka. Tulimwagia sakafu maji, tukafunga mlango, tukapumua kwa pua. Damasi alipotaka kukohoa alitoka nje mbio. Na kwa sababu kila lori lililopita lilitupiga vumbi hata mlango ukiwa umefungwa, Bi Zuhura alisimama barabarani, kanga ameinyoosha juu kwa mikono miwili, akiwasimamisha madereva. "Taratibu! Taratibu, wanangu, ndani kuna mgonjwa!" Nao wakapunguza mwendo, wengine wakavua kofia. Mmoja alirudi baada ya wiki na papai. "Mgonjwa anaendeleaje, mama?" Bi Zuhura akalipokea papai. "Alhamdulillahi. Anakauka." Nilikimbilia jikoni kwenda kucheka. Lakini yeye hakucheka, na mchana huo hakula.

Damasi alitaka pembe za bodi na mikunjo ya mabawa iwe na kiza kidogo, kama chuma cha kweli kinavyokuwa. Kwa bomba, alisema, unapuliza nyeusi kwa mbali, imekwisha. Sisi tulichanganya masizi na rangi kidogo, tukafunga kitambaa kidoleni, tukagusagusa, gusagusa, mpaka jicho lisijue nyeusi imeanzia wapi. Vidole viliniuma hata kushika kijiko. Mwisho kabisa, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, niliandika maneno kwenye ubao wa nyuma, kwa rangi nyeupe, fimbo ikishikilia kiganja kisitetemeke: BARABARA NDIYO SHAMBA LETU. Bi Zuhura hakujua kusoma sana wakati ule, ila haya aliyasoma. Aliyasoma kwa kidole hewani, bila kugusa, neno moja moja. "Akiyaona haya," alisema, "hata mimi sina haja ya kufungua mdomo."

Lakini rangi ya mafuta haina haraka ya Saba Saba. Baridi ilizidi, na mkono wa mwisho uligoma kukauka. Ukiugusa kwa mgongo wa kidole unanata. Damasi akatangaza marufuku: asiguse mtu, asipite mtu. Siku moja kabla ya maonyesho tulikwenda, yeye na mimi, mpaka Mkiwa kuhakikisha kwamba Hango atapita asubuhi kutubeba. Tulirudi jua bado liko juu. Nilipofungua mlango nilisimama. Lori lilikuwa linang'aa. Si mng'ao wa rangi yetu. Mng'ao mwingine, mzito. Bi Zuhura alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, kibuyu cha mafuta ya nyonyo kati ya magoti, kitambaa mkononi, uso umejaa furaha. "Nimelipaka kidogo," akasema. "Lilikuwa limefifia."

Lazima nieleze, maana vijana wa leo hawatajua. Kwetu, kitu hakiendi mbele za watu kikiwa kikavu. Bibi harusi anapakwa nyonyo, mtoto anayepelekwa kwa babu yake anapakwa, ngozi ya kulalia inapakwa, kibuyu cha maziwa kinapakwa. Kukiacha kikavu ni kukitelekeza, ni kusema hakina mwenyewe. Alilipaka lori lile kama ambavyo angempaka mtoto aliyemkosa. Damasi hakupiga kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinyoosha kidole, akagusa boneti, akakigeuza tuone. Kilikuwa chekundu. "Nyonyo haikauki, mama," akasema polepole. "Haikauki leo, haikauki mwakani. Na sasa imeingia kwenye rangi." Akatoka nje. Bi Zuhura alitazama kile kitambaa, ambacho nacho kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. "Nilitaka ling'ae, Beti," akaniambia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemkasirikia. Nilijaribu kufuta upande mmoja kwa kitambaa kikavu, rangi ikaja nayo, nikaacha.

Asubuhi Hango alifika. Tulilibeba watu sita, tumelishika kwa chini tu, tukalifunga kwa kamba kwenye magurudumu katikati ya magunia. Kulifunika hatukuweza, blanketi lingenata. Tulikaa upande wa upepo, mimi, Damasi, balozi na Bi Zuhura, tumetandaza mikeka iwe ukuta. Ukuta gani! Barabara ile ilikuwa vumbi tupu, na vumbi halina upande. Liliingia juu, chini, katikati ya vidole. Kila nikigeuka nililiona lori letu limepoteza wekundu zaidi. Bi Zuhura aliacha kutazama. Alifumba macho na midomo yake ilikuwa inasali. Tulipofika uwanjani na kulishusha, lilikuwa na rangi ya barabara yenyewe. Nikakimbilia nyuma. Maneno yangu hayakuonekana, hata herufi moja. Bi Zuhura alishika pindo la kanga akasugua pale mwanzo: nyeupe na nyekundu vikaondoka pamoja, pakabaki doa. Damasi akamshika mkono. "Mama, ukifuta tena tunabaki na kuni."

Halafu Damasi akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama lori kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Beti," akaniita, "njoo usimame hapa." Nikaenda. Lahaula! Vumbi lilikuwa limelala mahali ambapo vumbi hulala: nene kwenye mikunjo ya mabawa, jembamba juu ya kabini ambapo upepo hupitia, michirizi nyuma ya magurudumu, na kwa chini, kwa mbali, wekundu unachungulia. Lilikuwa lori lililotoka safari, lori la kweli lililosinyaa. "Miaka yangu yote na bomba la upepo," alisema, "sijawahi kupata vumbi kama hili." Watu walikwisha kuanza kujaa. Madereva waliokuja kutazama mbuzi waliacha mbuzi. Mmoja aliinama akachungulia chini ya lori, watu wakacheka, hata yeye akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake Bi Zuhura akanyoosha mgongo. Nami, mjinga mimi, nikadhani tumepona.

Mgeni rasmi alikuja, mikono nyuma, watu wake wamemzunguka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayelala vizuri. Alisimama mbele ya lori letu muda mrefu kuliko alivyosimama kwa yeyote. Akaweka kiganja juu ya bawa. Kiganja kikarudi na vumbi na wekundu, kijana wake akarukia na leso, lakini yeye akakinusa, akacheka. "Nyonyo! Mama yangu mzazi alikuwa akinipaka hii." Bi Zuhura akaingia hapo hapo. "Ndugu mgeni rasmi, sisi ni watu wa barabarani. Barabara hiyo ndiyo..." Ngoma za vijana zikapasuka nyuma yetu. Mgeni alimwona midomo inacheza, akampigapiga begani. "Nimeona, mama. Sihitaji kuambiwa. Nimeona."

Na baadaye, jua likiwa kichwani, kipaza sauti kikatangaza zawadi ya kwanza ni yetu, blanketi na jembe jipya, na mgeni rasmi akakishika mwenyewe. Alisema wananchi hawa hawakuja na maneno mengi. Wametuletea shida yao kama ilivyo. Tazameni wanavyoishi, kwenye vumbi, magari yanawapita mchana kutwa. "Sasa ninaagiza," akasema, "watakaohamishwa kwanza wawe hawa. Hawatasubiri mpaka mwisho. Na hawatatembea na mizigo kichwani. Wao wametuletea lori dogo, sisi tutawapelekea malori makubwa!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilimtazama Bi Zuhura. Alikuwa anapiga makofi naye, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga, ila viganja vyake havikuwa vinakutana. Nilishika pindo la kanga yake asianguke. Damasi akamwambia sikioni, "Mama, sema. Sema sasa." Akajibu, "Niseme wapi?" Kipaza sauti kilikuwa kimeshahamia kwenye asali.

Nimemfikiria sana yule bwana, na hasira yangu kwake imechakaa. Alitaka kutusaidia, na msaada ukishatangazwa mbele ya uwanja haurudishwi. Bi Zuhura alikwenda ofisini kueleza. Safari ya kwanza aliambiwa asubiri. Safari ya pili walimpongeza kwa lile lori, wakamwonyesha lilipowekwa, pembeni mwa ngazi, na wakamwambia ana bahati. Baada ya hapo hakwenda tena. Tuliendelea kupika, lakini yeye ambaye alikuwa akiyafahamu magari yote kwa mngurumo sasa alishtuka kila mngurumo asioufahamu. Anashika mwiko, anasubiri lipite. Likipita anakoroga. Aliacha kupokea maagizo ya kuku. Wateja walisema chumvi imezidi, hawakusema kwa sauti.

Malori matatu yalikuja asubuhi, baada ya mavuno, kama ilivyoagizwa. La kwanza lilikuwa la Hango. Lilikuwa limekodiwa, na dereva haulizwi. Vijana wa mgambo walishuka na mitaimbo na nyundo, wakasimama pale barabarani, hakuna aliyetangulia. Wengi wao walikuwa wamewahi kula kwetu. Hango alibaki ndani ya kabini, mikono kwenye usukani, anatazama mbele kama yuko mwendoni. Bi Zuhura akatoka mlangoni, anafuta mikono. "Hango, utakaa humo mpaka lini? Chai inapoa." Hango akashuka. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Nawa." Wakanawa mmoja mmoja, wakaweka mitaimbo nje ya mlango, wakaingia wakakaa kwenye mabenchi, chini ya mabati waliyokuja kuyashusha. Aliwapikia kuku wawili wa mwisho. Mimi nilibeba sahani na nilikuwa nalia waziwazi, sikujali. Hango alishika tonge, halifiki mdomoni. "Mama," akasema, "mimi nimetumwa tu." "Najua umetumwa. Kula. Mtu mwenye njaa akipanda juu ya paa ataanguka, na mimi sitaki mtu aumie nyumbani kwangu."

Wakala. Wakanawa tena, wakapanda. Damasi alikuwa ameshaanza kung'oa mlango mwenyewe, kwa bisibisi, skrubu moja moja, hataki mtu amsaidie. Misumari ililia. Bati la kwanza likateremshwa kwa mikono minne, taratibu, likalazwa chini, na jua likaingia mle ndani likagonga meza. La pili, la tatu. Bi Zuhura alisimama katikati ya chumba chake, kichwa kimeinuka, na mwanga ukazidi kumwangukia kila bati liliposhuka. Yalipokwisha yote, vijana walibaki juu ya miti mitupu, jasho linawatiririka, hakuna mahali pa kuficha uso. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kile ambacho mtu wa kwetu humwambia yeyote anayemkuta kazini.

"Poleni na kazi, wanangu."

Kutoka juu, mmoja akaanza, na wengine wakamfuata, sauti chini kabisa:

"Tumeshapoa, mama."